Nyumba Juu ya Chesisi: Kusuka Kempa ya Porini Kutokea Chamwino

Nenda mnada wowote wa Ugogoni usiku wa kuamkia siku yenyewe. Utakuta Canter zimejipanga mstari, na kwenye kila bodi kuna mwana anaishi. Turubai limevutwa juu ya mabomba, marobota ya mitumba yamelazwa chini na godoro limetandikwa juu yake, taa ya sola inaning'inia kwenye waya, dumu la maji limefungwa kwa mpira pembeni ya bodi. Karibu na tairi la nyuma utingo anasonga ugali kwenye jiko la mkaa. Alfajiri wanashusha mzigo, jioni wanapakia, wanasepa mnada mwingine. Wiki nzima gesti hawaijui, umeme wa TANESCO hawaugusi, na msosi unaliwa kwa saa yake.

Siku hizi machizi wengi wa Dodoma wamepandwa mzuka wa kempa. Wanaziona ndinga za wageni zinazokatiza kwetu kwenye Great North Road, ile njia ya Cape mpaka Cairo, ambayo inatokea Iringa, inapita Mtera, inaingia Chamwino kwa Fufu na Mlowa, inagusa Dodoma mjini halafu inapanda Kondoa, Babati na Arusha. Hema juu ya paa, friji inavutwa kama droo, jiko linachomoka ubavuni. Unyama sana. Afu mtu anageuka anasema, "Aah, hayo maisha ya wazungu." Mi nakataa kabisa. Wale wana wa mnadani wanaishi juu ya chesisi miaka yote, na karibu kila kitu cha kusukia mchuma wa kulala porini wiki mbili unakipata mjini Dodoma kwa mafundi na maduka ya kawaida. Wengi wanachokosa ni hesabu ya kilo, na hiyo hesabu ndo inaamua kama utafika na kurudi.

Tuanze na chuma chenyewe. Kama mkwanja upo, chukua Land Cruiser mkonga, pikapu ya 79. Familia ya 70 ilitoka mwaka 1984 na Toyota bado wanaitengeneza. Injini unayoitaka ni 1HZ: dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ni ya kimakanika, haitegemei kompyuta kukuambia kama itawaka au la. Haina haraka. Kwenye mlima wa Fufu ukiwa na mzigo utapitwa na basi, na we kausha tu. Raha yake ni kwamba hospitali za wilaya, polisi na maaskari wa wanyamapori nchi nzima wanaendesha chuma hichohicho, kwa hiyo likizingua Mpwayungu au Itiso kuna fundi aliyewahi kuifungua. Spea yake inasafiri hata kwa bodaboda.

Kama mfuko umebana, Canter inatosha, ila uielewe. Bodi yake ni pana, unaweza kusimama wima ndani, na kila mtaa una fundi wake. Shida ipo nyuma. Tairi za nyuma ni pacha, hazifuati njia iliyochorwa na tairi za mbele, kwa hiyo kwenye mchanga unachimba mitaro miwili mipya kila ukisogea, na jiwe likinasa katikati ya pacha linakula ubavu wa tairi kimyakimya. Kiangazi utazunguka nayo Chamwino nzima. Masika iache nyumbani. Canter za 4WD kutoka Japani zipo, ni adimu, ukiipata yenye hali nzuri usichelewe.

Na msidhani ufundi huu ni mgeni huku. Arusha wamekuwa wakikata chesisi za Land Cruiser, wanaongeza urefu, wanaunga upya, wanaweka paa linaloinuka ili mtalii asimame aone simba. Kampuni kama Hanspaul imejenga jina kwa kazi ya bodi za safari. Afrika Kusini kuna Alu-Cab, wanaotengeneza kempa za alumini zinazokaa juu ya hiyohiyo 79. Ukipata nafasi ya kupita Arusha, simama gereji yoyote ya magari ya watalii, angalia viungo vyao, pale bodi inapokutana na chesisi. Hapo ndo pa kujifunzia.

Sasa kilo. Pikapu ya 79 inabeba kama tani moja. Kwenye makaratasi inaonekana kibao. Piga hesabu na mimi: watu wawili na nguo zao, kilo 170. Maji lita 100, kilo 100 kamili. Tanki la dizeli la lita 130 likijaa, kilo 110 hivi. Tairi la akiba la pili, jeki, koleo, zana na spea, kilo 80. Msosi, mtungi wa gesi, masufuria, friji na betri, 120. Tayari uko 580, na nyumba yenyewe fundi hajaichomelea hata pointi moja.

Hapo ndipo wengi wanapofeli. Unamwambia fundi bodi "weka chuma cha maana", naye kwa roho safi anakuletea skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2. Ni paipu ya kujengea geti. Kila mita yake ina kilo 2.4, na fremu ya mita 60 inakupa kilo 143. Chukua paipu ya 25 kwa 25, unene 1.5, mita 60 hizohizo zinakuja kilo 66. Ukiweka mishazari kwenye kona, inabeba kila kitu unachokihitaji. Tofauti ni kilo 77, karibu madumu manne ya maji. Halafu anakupigia marine board ya milimita 18 kuta zote, shiti moja kilo 35 hivi. Sita zimekula zaidi ya 200. Plaiwudi ya milimita 9 ni kama nusu ya hapo, na nje unaivalisha bati la alumini. Mwambie fundi mapema: kila kipande kabla ya kuchomelewa kinapita kwenye mizani. Atakuona mtata siku ya kwanza. Siku ya pili ataanza kukuletea yeye mwenyewe mawazo ya kupunguza, maana fundi wa kweli akishaelewa unachotafuta anakuwa na moto kuliko wewe.

Ukitaka ushahidi kwamba wepesi ndo mpango, mcheki Mjerumani Gunther Holtorf. Aliondoka kwao mwaka 1988 na Mercedes ya G, dizeli yenye nguvu za farasi 88 tu, akaanzia Afrika, na mpaka anamaliza mwaka 2014 alikuwa amezunguka dunia karibu km 900,000 na gari lilelile. Sehemu kubwa ya safari alikuwa na mkewe Christine. Hawakuwa na nyumba ya kifahari mgongoni. Walilala ndani ya gari kwenye godoro, vitu vyao chini, msosi wanapika wenyewe nje. Lile gari sasa liko makumbusho ya Mercedes-Benz kule Stuttgart. Mi nikiona mtu anaweka sinki la marumaru kwenye kempa, roho inaniuma kwa ajili ya springi zake.

Kitu cha pili ambacho sitakubali ukifanye ni kuchomelea boksi moja kwa moja kwenye chesisi. Tulieni hapa, hii ndo pointi ya kufa na kupona. Chesisi ya pikapu imeumbwa ijinyonge. Tairi la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likiingia shimo, zile reli mbili ndefu zinajikamua kama nguo. Boksi lako la kuishi halijikamui, ni gumu. Ukiviunganisha kwa moto, kimoja lazima kipasuke, na kitachagua sehemu mbaya: kona ya mlango, fremu ya dirisha, au chesisi yenyewe nyuma ya kebini.

Fundi mmoja mtu mzima pale Dodoma ana namna yake ya kumuelewesha kijana mbishi, na hakuna darasa kama lile. Anaegesha pikapu tupu mahali pa tambarare, anachukua kamba mbili za kujengea, anazifunga kuanzia kona ya nyuma ya kebini mpaka kona ya mbele ya bodi, moja kila upande, zinakaza. Afu anaweka jeki chini ya tairi moja la nyuma na kuinua taratibu. Unaona kwa macho yako kebini imebaki wima na bodi inaanza kulala upande. Kamba ya upande mmoja inalegea na kuning'inia, ya upande wa pili inalia. Anakuangalia, hasemi kitu. Anashusha jeki.

Dawa yake ni fremu ndogo katikati ya boksi na chesisi, inayoshikwa kwa pointi tatu au nne zenye raba au springi. Mbele unafunga kwa nguvu, nyuma unaacha icheze. Unafunga kwa bolti, na matundu unatumia yale yaliyotoka nayo kiwandani. Usitoboe wala kuchomelea juu na chini ya reli za chesisi, pale ndipo nguvu zote zinapopita. Faida nyingine: mwaka kesho ukitaka gari libebe zabibu au alizeti, unafungua bolti, watu sita wananyanyua boksi, pikapu inarudi kazini. Kwa kijana wa Chamwino hilo ni la msingi kabisa, maana gari linalokula bila kuleta mkwanja halikai nyumbani muda mrefu.

Ukishabadili bodi, gari likakaguliwe na usajili wake urekebishwe TRA, na bima iambiwe. Usiliache hilo mpaka trafiki akusimamishe.

Ndani, kila kipimo kinaanzia kwenye godoro. Futi 4 kwa 6 ni sentimita 122 kwa 183, unalipata duka lolote, hukati wala huungi. Jenga kitanda kwa saizi hiyo, juu kidogo, ili chini yake madumu na makreti yapite yakiwa yamesimama. Mwanaume mrefu anaongeza sponji miguuni, basi. Kabati moja la jiko linalofunguka kwa nje upande wa mlango linatosha. Kupikia ndani achana nako. Joto, harufu na hatari ya gesi vyote unavileta kitandani bila sababu. Mtungi wa kilo 6 unawatosha wawili wiki mbili bila presha, na uwekwe kwenye kisanduku chenye tundu chini, kwa sababu gesi ikivuja inashuka, haipandi.

Joto la Oktoba huku mnalijua, na baridi ya Julai usiku, yenye upepo, nayo mnaijua. Weka paa mbili. Land Rover za zamani za Afrika zilikuwa na bati la pili juu ya paa, hewa ikipita katikati, na mpaka leo hakuna kitu rahisi kinachoshinda hiyo. Rangi nyeupe juu, nafasi ya sentimita tano, na panel za sola zikikaa juu ya nafasi hiyo nazo zinakuwa kivuli.

Vumbi la Ugogoni lina tabia moja. Gari likitembea, nyuma yake hewa inapungua, vumbi linavutwa kuingia kwenye kila tundu la mlango wa nyuma, na jioni unakuta shuka lako ni jekundu. Raba za milango zinasaidia nusu tu. Nusu ya pili ni tundu la hewa mbele juu ya boksi, lenye kichujio, linaloingiza hewa safi ukiwa mwendoni. Ndani kukiwa na presha kidogo kuliko nje, vumbi linakosa njia.

Umeme ndo sehemu ambayo Dodoma imebarikiwa. Jua letu halina mchezo. Panel za wati 200 zikipigwa na saa tano za jua la nguvu, baada ya kilichopotea njiani unabaki na kama watisaa 750 kwa siku. Friji ya kompresa ya lita 45 inavuta wati 45 hivi ikiwa inafanya kazi, na kwenye joto itafanya kazi nusu ya siku, kwa hiyo watisaa 540. Zilizobaki ni za taa, simu na spika ndogo. Kwenye betri, lithiamu ya Ah 100 inakupa karibu watisaa 1,200 za kutumia na ina uzito wa kilo 12 hivi. Ya asidi yenye Ah hizohizo unatumia nusu tu usiiue, na ni mara mbili ya uzito. Bei ya lithiamu inauma mwanzoni, nakubali, ila ukipiga hesabu ya miaka na ya kilo, hapo ndo pa kuwekeza. Chochote utakachochagua, itenganishe na betri ya kuwashia gari. Unaweza kulala na friji imezima. Injini isipowaka asubuhi katikati ya migunga, hiyo ni habari nyingine.

Maji nitawaambia kitu ambacho wauza matangi hawakipendi: bebeni madumu. Matano ya lita 20, yamefungwa chini na mbele ya ekseli ya nyuma. Tangi moja kubwa likipasuka umeishiwa yote, likichafuka umechafua yote, na huwezi kulibeba kwenda kisimani. Dumu unalibeba, unalipanga foleni na kina mama, mnapiga stori, unajua njia ya mbele ikoje. Visima vingine upande wetu maji yake ni ya chumvi. Ya kunywa chota pale wenyeji wanapochota ya kunywa, ya kuogea chukua popote. Ukihesabu lita tano kwa kichwa kwa siku, kunywa na kupika, madumu hayo yanawapeleka wawili siku kumi.

Dizeli, ukiwa na mzigo hesabu lita 13 mpaka 15 kwa km 100 za barabara nzuri. Kwenye mchanga usishangae ikikaribia mara mbili.

Njia zenyewe zina maadui watatu: mwiba, mchanga na mbuga. Mwiba wa mgunga unapita tairi lolote, kwa hiyo vifaa vya kuzibia pancha na kompresa ndogo ni vya lazima kabla hujafikiria taa za kuringia. Kwenye mchanga wa makorongo shusha upepo mpaka psi 18, vuka taratibu bila kukata moto, afu jaza tena ng'ambo. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna dawa. Simama, pika, subiri siku mbili ukauke. Kiburi pale kinakugharimu klachi.

Na kitu kimoja ambacho nakiomba kwa moyo wote: usilale ndani ya korongo. Mchanga ule ni laini, una kivuli, unavutia kinoma. Mvua inaweza kunyesha mbali huko kwenye vilima, kwako nyota zinawaka, na maji yakakufikia usiku yakiwa ukuta. Egesha juu ya kingo. Ukikaa pembeni mwa Mtera jioni kula perege, kitanda kiwe mbali na maji, kule kuna mamba na viboko.

Ukifika kijijini, kabla hujashusha kiti, tafuta mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji. Mzee msalimie "Mbukwenyi", mwambie mmetoka wapi, mnalala siku ngapi, muulize wapi mifugo haipiti. Ng'ombe wa Mgogo wana njia zao, na ukiziba njia ya kwenda kwenye maji umemkosea mtu heshima. Kuni usikate, gesi unayo. Taka zote zinarudi na wewe, na koleo lile la mchanga ndo la choo, shimo la kwenda chini mbali na kisima na mbali na korongo. Mapori ya TAWA na hifadhi za TANAPA zina vibali na sehemu zake za kambi. Lipa, lala pale ulipoambiwa.

Mvua zetu zinaanza Desemba na kukata Aprili. Mei njia zinakauka, Juni ni saa ya kutoka. Kabla ya hapo jaza kila kitu, madumu, dizeli, watu wawili ndani, mpeleke mnyama kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya kiwanda, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Ya nyuma ikizidi kilichoandikwa kwenye bamba la gari, toa vitu hapohapo. Afu chukua njia ya Mlowa na Fufu, kalale Mtera usiku mmoja, rudi kwa vumbi ukipitia Mpwayungu. Ukifika nyumbani chukua spana, ingia chini, kaza bolti zote upya, maana baada ya safari ya kwanza karibu kila moja itakuwa imelegea. Ambayo haikulegea ipige alama ya rangi. Ambayo imelegea mara mbili, badilisha nati yake uweke ya kujifunga, halafu tupange safari ya Kondoa.